Ukimya wa Ukumbini: Kuhudhuria Si Kushiriki

Mwezi wa saba Mbeya, saa moja asubuhi, ukungu huwa bado umeukalia mlima Loleza, na ukumbi wa mihadhara una baridi ya kuwafanya wanafunzi 300 wakae na majaketi yao, wengine mikono ikiwa mifukoni na daftari likiwa limefungwa. Mhadhiri amefika kwenye slaidi ya 34. Anageuka, anauliza, "Kuna swali?", anazitazama safu tatu za mbele kwa muda wa pumzi moja, kisha anasema, "Basi tuendelee." Saa mbili baadaye wanafunzi walewale wameketi kwenye vimbweta, viti vya nje vya chuo, juani, wakibishana juu ya slaidi ileile. Mmoja anadai mhadhiri alikosea alama ya kutoa, mwingine anachora mchoro juu ya mfuko wa khaki uliokuwa na maandazi, wa tatu anawacheka wote wawili. Ukumbini hakuna hata mmoja wao aliyefungua mdomo.

Nimekaa pande zote mbili za ukumbi huo, kwanza kama mwanafunzi wa safu ya nyuma na sasa kama mwenye kushika rimoti ya projekta, na sababu zinazotajwa katika vyumba vya walimu hazibadiliki: vijana wa siku hizi ni wavivu, Kiingereza kimewashinda, wamelelewa kutojibizana na wakubwa. Kila moja ina chembe ya ukweli, lakini hakuna inayoeleza vimbweta. Mvivu habishani saa nzima juani. Aliyeshindwa na lugha si lazima awe ameshindwa na hoja. Na aliyelelewa kumheshimu mkubwa amelelewa pia kumjibu anapoulizwa. Bibi yake wa Tukuyu angemshangaa akimwona amenyamaza vile. Maelezo yanayonitosha mimi ni ya hesabu zaidi kuliko ya tabia. Mwanafunzi amepima faida ya kusema na hasara ya kukosea mbele ya wenzake 300, akaona kwamba kozi haimlipi chochote kwa kusema wala haimdai chochote kwa kunyamaza. Ukimya wake ni jibu sahihi la swali ambalo sisi ndio tuliolitunga.

Lugha yenyewe inatuonyesha kosa linapoanzia. Mhadhara, hadhira, hadharani, kuhudhuria na mahudhurio ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo mahali, na vyuo vyetu vimeichukua maana hiyo kama ilivyo: tunapima kuwapo. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, kila mmoja anaandika jina, namba ya usajili na sahihi, na walioko nyuma huwasainia wenzao waliolala geto, kwa mwandiko uliobadilishwa kidogo. Mwisho wa muhula tunabaki na ushahidi wa maandishi kwamba watu walikuwapo. Cha kuchekesha ni kwamba mihadhara ya dini inayofanyika viwanjani haiendi hivyo. Pale msikilizaji huinuka, akapewa kipaza sauti na kumuuliza mzungumzaji swali la kumkaba. Chuo kikuu kililichukua jina, maswali kikayaacha uwanjani.

Ushiriki nao ni neno linalobeba mambo yasiyofanana, na ndiyo maana mijadala juu yake haifiki mbali. Watafiti watatu wa Marekani, Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, walilichambua mwaka 2004 katika nyuzi tatu: mwenendo, yaani kufika, kuandika na kukamilisha kazi, hisia, yaani kuona kwamba somo linamhusu mtu na mahali pale ni pake, na akili, yaani juhudi ya kulibana wazo gumu mpaka lieleweke. Wao waliandika kuhusu wanafunzi wa shule, lakini mgawanyo huo unafaa chuoni vilevile. Uzi wa kwanza unaonekana kwa macho, hivyo ndio tunaoupima. Wa tatu hauonekani, nao ndio unaofundisha. Mwanafunzi aliyenyamaza huku akijaribu kuotea hatua inayofuata ya mlinganyo anashiriki kuliko msemaji wa safu ya mbele anayerudia maneno ya slaidi kwa sauti kubwa. Kwa hiyo ninapozungumzia kuvunja ukimya sina maana ya kuongeza kelele. Kelele ni rahisi. Mhadhiri mwenye vichekesho anaweza kuzipata kipindi kizima bila mtu kutoka na lolote. La kujiuliza ni hili: katika dakika hii, akili ya aliyekaa safu ya 19 inafanya kazi gani?

Ushahidi kwamba jambo hilo lina uzito umekusanywa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake alichapisha matokeo ya wanafunzi 6,542 wa kozi 62 za fizikia ya mwanzo, waliopimwa uelewa wao kabla na baada ya kozi. Waliofundishwa kwa mihadhara ya kawaida walikuwa wamepata, kwa wastani, asilimia 23 ya kile walichokuwa hawakijui mwanzoni. Waliokuwa wakifanyishwa kazi ya kufikiri darasani na kupata majibu papo hapo walipata asilimia 48. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati katika vyuo, wakakuta kwamba wastani wa wanaofeli chini ya mhadhara mtupu ni asilimia 33.8, na katika madarasa ya ushiriki ni asilimia 21.8. Kazi hizi zilitegemea zaidi vyuo vya Marekani, ambako wanafunzi wengi wanasoma kwa lugha waliyokua nayo na ambako kitabu cha kiada si nakala moja iliyofungiwa katika chumba cha akiba cha maktaba. Sioni kwamba hilo linaubatilisha ushahidi, ila linatulazimu kuuliza ni kipi hasa katika njia hizo kinachofanya kazi, badala ya kuiga vifaa vyao.

Anayelionyesha hilo vizuri kuliko wote ni Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Kwa miaka kadhaa alihesabiwa kuwa mhadhiri mzuri, na wanafunzi wake walifanya hesabu ngumu bila shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawapa jaribio la dhana nyepesi za mwendo, lisilo na hesabu hata moja, na mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu kwa namna alivyofundishwa au kwa namna anavyofikiri mwenyewe. Matokeo yalimwonyesha kwamba kanuni zilikuwa zimekaririwa juu ya imani zilezile za awali, kama rangi mpya iliyopakwa juu ya ukuta wenye unyevu. Alichofanya baada ya hapo ni kukata mhadhara vipande vifupi, na baada ya kila kipande kuuliza swali moja la dhana: kila mtu anachagua jibu peke yake, kisha anamgeukia jirani na kumshawishi, kisha wote wanachagua tena. Utaratibu wake una kipimo cha kumsaidia mwalimu kuamua. Ikiwa waliopata mara ya kwanza hawafiki asilimia 30, somo halijaeleweka na lielezwe upya. Wakizidi 70, maelezo mafupi yanatosha na safari inaendelea. Walio katikati ndio wanaopewa nafasi ya kubishana.

Njia hiyo inaonekana vizuri ikiwekwa barabarani kwetu. Lori limebeba mahindi kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam, na sasa linashuka Kitonga. Katika kipande kimoja kilichonyooka cha mteremko, mshale wa spidi umesimama kwenye kilomita 20 kwa saa, haupandi wala haushuki. Jumla ya kani zote, yaani nguvu za kuvuta na kusukuma, zinazolihusu lori hilo inaelekea wapi: chini ya mteremko, juu ya mteremko, wima kuelekea ardhini, au ni sifuri? Vifaa vya kupigia kura havihitajiki, wala bando la intaneti. Kila mwanafunzi anaweka vidole kifuani, kimoja, viwili, vitatu au vinne, ili jirani asione na asimuigize. Mara ya kwanza nilipouliza swali hili ukumbini, bahari ya kidole kimoja ilinijibu: chini ya mteremko, kwa sababu ndiko lori linakoelekea.

Nikawaambia wageukiane, na kwa kuwa sikusema watumie lugha gani, walitumia ya kwao. Nilipita katikati ya safu nikisikiliza. Kijana mmoja alikuwa akimkaba mwenzake, "Kama ni sifuri, si lingesimama?" Mwenzake, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake tangu muhula uanze, alimjibu kwamba mjomba wake ni dereva wa semi-trela, na kwamba Kitonga hushukwa kwa gia nzito, injini ikilishikilia gari, breki zikiguswa kidogo kidogo, ukiona mwendo hauongezeki ujue kinachovuta chini na kinachozuia vimelingana. "Vikishindana, kimoja kikashinda, mwendo hautulii. Ama linakimbia, ama linasimama." Sikupata kuieleza sheria ya kwanza ya Newton vizuri kuliko hivyo. Vidole vilipohesabiwa tena, vingi vilikuwa vinne.

Mtu anaweza kudhani kwamba kilichotokea ni mjuzi mmoja kuwanong'oneza wasiojua. Utafiti wa Michelle Smith na wenzake katika Chuo Kikuu cha Colorado, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapima wanafunzi wa jenetiki kwa swali la pili la dhana ileile baada ya mjadala, wakajibu kila mtu peke yake, na ukaonyesha kwamba hata katika vikundi ambavyo hakuna aliyekuwa na jibu mwanzoni, kubishana kuliongeza uelewa. Mtu anapolazimika kuliweka wazo lake katika sentensi mbele ya mwenzake, huliona tobo ambalo kichwani halikuonekana. Na hasara ya kukosea imeshuka: ukumbini walikuwa wamebaki wawili, si 300.

Kuna jambo dogo linaloingia hapa ambalo halihitaji hata swali jipya. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani tangu miaka ya 1960, aliona kwamba walimu wakiuliza swali husubiri wastani wa takriban sekunde moja kabla ya kuendelea au kujijibu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na hata wale wasiosema kwa kawaida huanza kusema. Sekunde tatu za ukimya mbele ya watu 300 ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Mimi huhesabu kimoyomoyo nikitazama dirishani, maana nikiwatazama wanafunzi ninashindwa.

Lugha inastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndiyo hoja inayotajwa haraka na kuachwa haraka. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Mbarali au Kilolo amelijua neno kani kwa Kiswahili. Amefundishwa msuguano, mvutano na mwendo, na pengine amevuta gogo kwa kamba ili aone. Kisha anaingia kidato cha kwanza, na kani inakufa siku hiyo. Inazaliwa upya kama neno la Kiingereza analoliandika sahihi, lililotenganishwa na gogo na kamba. Miaka sita baadaye anafika chuo kikuu akiwa na akiba mbili zisizofahamiana, moja ya kufikiria na nyingine ya kujibia mtihani. Mwalimu anapouliza kwa Kiingereza mbele ya watu, anaifungua akiba ya kujibia, anaikuta haina kitu juu ya lori la Kitonga, naye ananyamaza.

Sera ya lugha si ya mhadhiri mmoja kuibadilisha, na mitihani itaendelea kuwa ya Kiingereza. Lakini sijaona kanuni inayomkataza mwanafunzi kufikiri kwa Kiswahili na jirani yake kwa dakika tatu kisha kutoa hoja kwa Kiingereza. Ninaona faida pande zote mbili: hoja inakomaa katika lugha iliyo karibu, na Kiingereza kinapokuja kinakuta kitu cha kusema. Wapo wenzangu wanaosema hilo litawadhoofisha wanafunzi katika Kiingereza. Mimi naona kinachowadhoofisha ni kukaa miaka mitatu wakikisikiliza bila kukitamka.

Tuseme sasa mhadhiri amekubali haya yote, anauliza maswali, anasubiri, anawagawa wawili wawili. Kwa wiki mbili ukumbi unachangamka, kisha unarudi kimya. Hapo ndipo fundo lilipo, nalo limefungwa na mtihani. Katika vyuo vyetu vingi alama 40 hutokana na kazi za muhula na 60 na mtihani wa mwisho, na hizo 40 zenyewe mara nyingi ni majaribio mawili na kazi moja ya kikundi ambayo wawili wanaandika na watano wanaweka majina. Maswali yenyewe huanza kwa "taja", "fafanua kwa kifupi" na "orodhesha faida tano". Mwanafunzi wa mwaka wa pili anakwenda duka la kudurufu lililo karibu na geti la chuo, anaomba madesa ya somo fulani, anapewa kifurushi cha mitihani ya miaka iliyopita, na kwa siku nne za kukesha anapata alama za kutosha kuikwepa sapu, yaani mtihani wa marudio. Kwa nini ajihangaishe na Kitonga?

Ference Marton na Roger Säljö wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walieleza jambo hili mwaka 1976. Waliwapa wanafunzi maandiko wasome, wakagundua namna mbili za kusoma: mmoja hutafuta mwandishi anataka kusema nini, mwingine hukusanya vipande anavyotarajia kuulizwa. Namna hizo hazikuwa vipaji vya kuzaliwa. Mtu hujipanga kufuatana na mtihani anaoutarajia. Kwa hiyo mhadhiri anayefundisha kwa mjadala na kutahini kwa orodha anawafundisha wanafunzi wake jambo moja tu kwa uhakika, kwamba mjadala ni mapambo. Kubadilisha maswali mawili kati ya matano ya mtihani wa mwisho, ili yamtake mwanafunzi atumie wazo mahali asipowahi kuliona, kunabadilisha kinachozungumzwa kwenye vimbweta kuliko semina yoyote ya mbinu za ufundishaji niliyowahi kukaa.

Majaribio madogo nayo yana kazi ambayo hatuitumii. Tumezoea kuyaona kama mizani, yaani chombo cha kujua mwanafunzi ana uzito gani, ilhali kitendo chenyewe cha kukumbuka hujenga kumbukumbu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima mwaka 2006 kwa kuwapa wanafunzi kifungu cha maandishi: wengine walikisoma tena, wengine walifunika karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojilazimisha kukumbuka wakawa mbele. Ndiyo maana kukesha na madesa kunaonekana kufanya kazi: mtihani uko asubuhi, si wiki ijayo. Maswali mawili kwenye robo ya karatasi mwanzoni mwa kila kipindi, juu ya kipindi kilichotangulia, yenye alama moja tu kila mara, yanagharimu dakika sita. Yasisahihishwe yote na mhadhiri. Wabadilishane na jirani, majibu yakiwa ubaoni.

Upande wa muda tupite haraka, ingawa una hesabu ambayo wanafunzi wengi hawajawahi kuelezwa. Kwa mfumo wa sifa wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa shahada ya kwanza una krediti 120, yaani saa 1,200. Zikigawanywa katika mihula miwili ya wiki 15, zinakuwa saa 40 kwa wiki, ambazo mihadhara haichukui hata nusu yake katika ratiba nyingi. Saa zilizobaki ni za kujisomea, na hazina msimamizi. Ndimo linamoingia foleni la maji, mchele wa kupikwa, na wiki za kungoja bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, lililochelewa huku mwenye nyumba akigonga mlango. Mhadhiri anayesema "mkasome wenyewe sura ya tano" anazungumza na saa ambazo hajui zimekwenda wapi. Akisema "mje na jibu la swali hili moja, nitaanza nalo", saa mbili kati ya hizo zinapata mwenyewe.

Wahadhiri nao hawafundishi hivi kwa ukaidi. Matangazo ya kazi ya mkufunzi msaidizi hudai GPA, yaani wastani wa alama za shahada, isiyopungua 3.8, na hilo maana yake ni kwamba sisi tulioajiriwa ni wale wachache ambao mhadhara uliwafaa. Tunautetea kwa nia njema, kama mtu aliyevuka mto kwenye maji mengi akiwaambia wenzake kwamba mto haukuwa na shida. Baada ya kuajiriwa, kinachompandisha mtu cheo ni shahada inayofuata na machapisho. Sijamwona aliyepanda kwa sababu wanafunzi wake walielewa. Ongeza majengo: mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, wenye mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2021, unajenga na kukarabati vyuo nchini, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kikiwamo, na fedha hizo ni baraka. Ombi langu kwa wachora ramani popote pale ni dogo sana: kiti kilichofungwa sakafuni kikitazama mbele kimeshaamua ufundishaji utakuwaje kabla mwalimu hajaingia. Viti vinavyozunguka, au angalau njia pana kati ya safu ili mhadhiri aweze kupita, vina thamani kuliko projekta ya pili.

Mimi mwenyewe nilifundishwa njia shirikishi za kufundishia, katika chuo kilicho mbali na Nyanda hizi za Juu Kusini, na mkufunzi aliyesoma noti kwa sauti ya imla kwa saa mbili, akirudia kila sentensi mara mbili ili tusikose neno. "Njia... shirikishi... humfanya... mwanafunzi... kuwa kitovu... nukta." Tuliandika wote 180, na katika mtihani niliorodhesha faida tano. Nilipopelekwa mazoezini shuleni nilifundisha kwa imla. Hili lina uzito wa pekee katika mikoa yetu, kwa sababu walimu wa sekondari wa kesho wanaandaliwa hapa: Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanza mwaka 2005 palipokuwa na shule ya sekondari ya Mkwawa, na vyuo vingine kadhaa vya ukanda huu vina shahada za ualimu. Mwalimu mtarajiwa anakumbuka alivyofundishwa kuliko anavyokumbuka alichofundishwa kuhusu kufundisha.

Hatuhitaji kwenda Harvard kuona mfano mwingine. Chuo hicho cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, kikawa taasisi mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012, na mwenye kuyajua mafunzo ya ufundi anajua kwamba karakana haina ukimya wa aina ninayoizungumzia. Mwanafunzi aliye kwenye mashine ya kukereza hawezi kujificha safu ya 19. Akikosea vipimo, chuma kinamjibu papo hapo. Kipande hakiingii kwenye tundu lake, na hakuna anayemcheka sana kwa sababu vipande vilivyoharibika vya kila mtu vimelundikana pembeni. Fundi anapita, anashika kipande, anauliza, "Hapa ulifikiria nini?" Kosa ni hatua ya kazi, na jibu huja kabla mtu hajasahau alichokuwa akifikiri. Mambo hayo mawili ndiyo ninayojaribu kuyahamishia ukumbini kwa vidole vya kifuani na robo za karatasi, na nakiri kwamba kwa somo kama historia au sheria uhamisho huo ni mgumu zaidi kuliko kwa fizikia, ingawa kesi moja ya mgogoro wa shamba ikiwekwa mbele ya wanafunzi wa sheria kabla ya kifungu chenyewe kusomwa hufanya kazi ileile ya kipande kisichoingia.

Anayeanza ajiandae kulalamikiwa. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa fizikia walifundishwa mada zilezile kwa mhadhara uliopangika vizuri au kwa kufanya kazi wenyewe. Waliofanya kazi walijifunza zaidi kwa kipimo cha mtihani, lakini walijiona wamejifunza kidogo kuliko waliokaa wakasikiliza. Mhadhara laini humpa mtu hisia ya kuelewa; kuhangaika humpa hisia ya kushindwa. Nilikutana na jambo hilo kwenye fomu za tathmini ya mwisho wa muhula, ambapo mmoja aliandika kwamba mhadhiri hafundishi bali anatuachia tufundishane. CR, yaani mwakilishi wa darasa, alikuja ofisini na ujumbe huohuo kwa adabu zaidi: "Dokta, wenzangu wanaomba urudishe slaidi ndefu." Tangu hapo huwa ninatumia kipindi cha kwanza kuwaeleza matokeo ya Deslauriers kabla hawajalalamika, na mada mbili za mwisho nimezikata ili muda wa kubishana upatikane, uamuzi ambao bado ninautetea kila mwaka kwenye kikao cha idara.

Siku ile ya Kitonga niliwaachia dakika ya mwisho waandike kwenye robo ya karatasi, bila jina na kwa lugha yoyote, jambo ambalo bado halijawakaa sawa. Sikuzisoma zote, nilichomoa fungu la juu nikasoma nikiwa kwenye bajaji kuelekea Mwanjelwa. Nyingi zilikuwa za Kiswahili, na kadhaa zilisema tu kwamba kuna baridi. Moja iliandikwa kwa penseli, herufi ndogo zilizobanana: "Kama jumla ya kani ni sifuri, breki zinapata moto kutoka wapi?" Kipindi kilichofuata kilikuwa cha nishati. Niliiweka karatasi hiyo kwenye slaidi ya kwanza kama ilivyo, kwa mwandiko wake, nikaanza kuhesabu hadi tatu nikitazama dirishani, na kabla sijafika mbili mkono ulikuwa umeinuliwa safu ya nyuma.